Nyani Aliyefuma Cheni Mia Moja

Kabla sijasimulia, niungame kwanza, maana mdomo wenye deni la uongo hausimulii vizuri.

Mwaka ule wa kuipamba altare yetu, kila mama aliambiwa alete kitambaa alichofuma kwa mikono yake. Mimi sikujua hata kushika sindano ya kroshia. Nikaomba kitambaa cha wifi yangu Eufrasia, nikakifua, nikakipiga pasi, nikapeleka. Padri akauliza, "Hiki kizuri hivi ni cha nani?" Nikasema, "Changu, Baba." Akaniita mbele akavibariki vidole vyangu, na mimi nikaviinua vyote kumi watu wavione. Nilipokwenda kuungama nilipewa sala za malipizi, na mwenyewe nikajiongezea moja: kujifunza kufuma. Hadithi hii niliipata huko, vidole vikiuma. Mungu anisamehe, na Eufrasia pia, maana yeye bado.

Haya, ngano inapita!

*Ipite kwetu!*

Ina miguu?

*Ina na mikono!*

Mkiikamata?

*Hatuiachii!*

Basi ishikeni. Palikuwa na Kindi. Kindi mdogo, mkia mkubwa, mume hana, watoto watatu. Alikaa kwenye tundu la mkuyu ukingoni mwa msitu, karibu na mashamba. Wakati wa mavuno aliokota karanga zilizosahauliwa na wakulima. Aliokota, akaweka. Aliokota, akaweka. Tundu likajaa mpaka yeye mwenyewe akawa analala mlangoni. Akiba hiyo ilikuwa ya miezi ya baridi. Ikipotea, watoto hawaioni mvua ya kwanza. Kindi alilijua hilo kama anavyolijua jina lake.

Sasa wiki ile Kindi alikuwa mwanafunzi. Bibi Mnana, yule ndege fundi wa kufuma viota, alikuwa anamfundisha kufuma kwa mwiba uliopinda ncha na uzi wa katani. Jumatatu alifundishwa cheni, vitanzi vya uzi vinavyoshikana. Jumanne alifundishwa kuiunganisha cheni iwe duara na kuizunguka, raundi juu ya raundi. Ila kila raundi Kindi alisahau tundu moja la uzi, na kazi yake ikazidi kuwa nyembamba.

"Mwanangu," Bibi Mnana alimwuliza, "huo ni mfuko au ni pembe ya mbuzi?"

"Ni mfuko, bibi."

"Haya. Alhamisi njoo nikufundishe kufunga fundo la mwisho. Bila fundo hujafuma kitu, umeuzungusha uzi tu."

Siku ya hadithi yetu ilikuwa Jumatano.

Jumatano asubuhi Kindi amekaa mlangoni kwake anajizoeza. Chomeka, nasa, vuta, *tyu!* Chomeka, nasa, vuta, *tyu!* Mara matawi yakalia *kwacha! kwacha!* Akatokea Nyani.

Mnamjua Nyani? Si nyani mdogo wa kuiba hindi moja akakimbia. Huyu alikuwa dume la kundi zima, kifua kama mlango, meno kama mihogo. Akiona mtu anakula, anataka. Akiona mtu anakunywa, anataka. Siku moja alimkuta Kobe anakohoa, akasema, "Nipe na mimi."

"Shikamoo, Bwana Nyani," Kindi akasema.

"Marahaba. Sogea."

"Nisogee wapi, bwana mkubwa?"

"Popote. Nasikia harufu ya karanga. Sogea nile."

Ndani watoto wakajibana. Kupigana hawezi. Kukimbia na karanga za tundu zima hawezi. Akaangalia mkononi mwake, akaona ana mwiba na uzi tu. Basi akafuma na hayo hayo.

"Kula, bwana mkubwa. Ni zako. Lakini nakuhurumia."

"Unanihurumia mimi?"

"Karanga ni nyingi, wewe una mashavu mawili. Utajaza mashavu, utashuka. Ndugu zako pale bondeni watakuuliza, mbona uso umekuwa mpana? Ukirudi mara ya pili, utarudi na kundi zima."

Nyani akajikuna. Neno "kundi zima" lilimwuma tumboni.

"Sasa nifanyeje?"

"Angekuwa mwingine ningemwambia afume mfuko. Abebe zote mara moja, mtu asijue. Lakini hii kazi si ya wakubwa. Ni ngumu. Tuachie sisi wadogo."

"Nani kasema ngumu? Lete huo mwiba!"

"Bwana mkubwa, utachoka."

"Lete!"

Kindi akampa. Nyani akaketi kwenye tawi, miguu ameiachia inaning'inia, mwiba umepotea nyuma ya kidole gumba.

"Tengeneza kitanzi. Hivyo. Chomeka, nasa, vuta, *tyu!* Hiyo ni cheni moja. Zinatakiwa mia moja."

"Mia!"

"Mfuko wa cheni kumi ni wa mtoto. Na sheria ni tatu. Ya kwanza, kitanzi usikiachie, ukikiachia kazi yote inafumuka. Ya pili, macho kwenye kitanzi, usitazame kando. Ya tatu, hesabu usiipoteze. Ukiipoteza, fumua, anza upya."

"Na wewe unakwenda wapi?"

"Ndani, kukutafutia uzi."

Nyani akaanza. Chomeka, nasa, vuta, *tyu!* Moja. Chomeka, nasa, vuta, *tyu!* Mbili. Ulimi nje, jicho limetoka. Kindi akaingia ndani, akajaza karanga mashavuni, akatoka polepole, akaruka mpaka kwenye mvule wa jirani, akazimwaga kwenye tundu la kigogota aliyehama. Akarudi.

"Bwana Nyani, watoto hawajambo?"

"Hawajambo. Kumi na sita."

"Una watoto wangapi vile?"

"Tisa."

"Hongera. Na sasa umefika cheni ya ngapi?"

Nyani akafungua mdomo. Akafunga. "Ya... kumi?"

"Umepoteza hesabu, bwana mkubwa. Fumua."

*Fyuuuu!* Uzi wote chini.

Nyani akaanza tena. Chomeka, nasa, vuta, *tyu!* Kindi akaingia, akajaza mashavu, akatoka, akamwaga, akarudi.

"Bwana Nyani, eti wake zako wanagombana?"

"Wote wanne. Arobaini na tatu."

"Yule mdogo ana miaka mingapi?"

"Saba."

"Na cheni?"

"Na... nane?"

"Fumua."

*Fyuuuu!*

Mara ya tatu Kindi alikuwa njiani, mashavu yamejaa tele, Nyani akanusa hewa. "Kindi! Mbona nasikia karanga inapita?"

Kindi hawezi kusema, mdomo umejaa. "Mmh," akajibu.

"Mbona huongei?"

"Mm-mmh."

"Jino?"

"Mmh!"

"Pole," Nyani akasema, macho kwenye kitanzi. "Mimi likiniuma natafuna mzizi wa mdimu. Sitini na... Sitini na... Lo, mama yangu!"

*Fyuuuu!*

Ikawa hivyo, jua likapanda. Nyani anafuma, Kindi anahamisha. Nyani anafumua, Kindi anahamisha. Nao watoto akawabeba kwa shingo, mmoja mmoja.

Lakini, ndugu zangu, mjinga akirudia kazi mara thelathini huwa fundi. Nyani akajifunza. Kindi akimwuliza habari za wake, hajibu. Akimwuliza habari za watoto, anatikisa kichwa tu. *Tyu! tyu! tyu!* Tisini. Tisini na tisa.

"Mia!" Nyani akapiga kelele, majani yakadondoka. "Mia moja, na sijakosea hata moja! Tazama mikono hii!"

Kindi akatazama. Kwa kweli cheni ilikuwa imenyooka kuliko yake. Hata wivu ukamshika kidogo, na hapo maisha yake yako hatarini. Ndivyo tulivyo.

Na tunduni zilibaki karanga za mizigo miwili.

"Vizuri, bwana mkubwa. Sasa unganisha ncha na ncha, pawe duara. Huo ndio mdomo wa mfuko. Sasa zunguka, raundi juu ya raundi, ukishuka kuelekea kitako." Akamfundisha kama anavyojua yeye, na kosa lake la kuruka tundu moja ndani yake. Kila raundi mfuko ukapungua. Ukapungua. Alasiri ukafika mwisho, mdomo mpana, kitako chembamba kama pembe ya mbuzi.

"Umekwisha!" Nyani akasema. "Au kuna kingine?"

Kindi angetaka kumwambia kuna fundo. Lakini fundo lilikuwa somo la Alhamisi. Akasema ukweli mtupu: "Mimi nimefundishwa mpaka hapo."

Nyani akaingiza mkono tunduni. *Kachakacha.* Akatoa maganda. Akaingiza tena. *Kachakacha.* Maganda na unyoya. Akamgeukia Kindi, na Kindi, masikini, alikuwa ndiyo kwanza amerudi kutoka mzigo wa mwisho, akiufuata mwiba wake, unga wa karanga bado uko kwenye sharubu.

*Kamata!* Akamshika mkia.

"Karanga zangu ziko wapi?"

"Ziko kwa wanangu, bwana mkubwa."

"Na wanao wako wapi?"

"Hapo hata ukinikaba sisemi."

"Usiseme. Wewe umekula karanga, mimi nitamla mla karanga. Mfuko sijaufuma bure." Akamtumbukiza Kindi ndani, akaukunja mdomo wa mfuko kwenye ngumi yake, akauweka begani, akashuka mti. Akashika njia ya bondeni akiimba kwa sauti nene:

*Nimefuma mwenyewe,*
*nabeba mwenyewe,*
*nitakula mwenyewe!*

Humo ndani Kindi alilia. Ndiyo, alilia, na aliomba pia. Alisema, "Mungu uliyeniumba mdogo, usinisahau kwa udogo wangu. Nimesema uongo leo, najua. Lakini watoto watatu hawajui hata kumenya." Akajikunja kitakoni mwa mfuko kwenye ule wembamba, na hapo kitu kikamtekenya kidevu. Akashika. Ni ncha ya uzi. Ncha ya mwisho, raundi ya mwisho, haina fundo.

Kindi akakumbuka jana jioni. Jana jioni kazi yake ya siku mbili ilinasa kwenye kijiti, yeye akaenda kunywa maji, aliporudi hakukuta mfuko, akakuta uzi. Jana alilia kwa ajili hiyo. Leo akaacha kulia.

Akavuta kidogo. *Tyu.* Tundu likafunguka. *Tyu, tyu.* Likatosha pua. Nyani akapita kando ya kichaka cha miiba, na Kindi akaupenyeza mkono, akaizungusha ile ncha kwenye mwiba, mara moja, mara mbili, akaikaza.

Nyani akazidi kutembea. Kichaka kikabaki palepale.

*Fyu*, raundi moja. *Fyu, fyu*, raundi mbili. Kila Nyani anapopiga hatua, mfuko unafumuka. Kitako kikafunguka, Kindi akadondoka kwenye nyasi, *pu!* Akatulia kama jiwe.

"Nimefuma mwenyewe!" Nyani akaimba, mkono juu ya bega. "Ee, mbona mzigo umekuwa mwepesi? Nguvu hizi! Mtu akifanya kazi, mwili unajengeka." *Fyu, fyu, fyu.* "Nabeba mwenyewe!" *Fyuuuu.*

Akafika bondeni. Wake wanne, watoto tisa na ndugu wote wamekaa wanachambuana chawa. Nyani akasimama katikati yao.

"Amkeni! Leo mjue mna baba wa namna gani. Nimejifunza kufuma. Nimefuma mfuko, na ndani ya mfuko kuna nyama. Sitawapa, lakini tazameni kwa macho!"

Akashusha mkono, akafungua ngumi. Kiganjani palikuwa na kitanzi kimoja cha uzi.

Mke mkubwa akasogea, akakinusa.

"Baba watoto, hiki nini?"

Nyani akakitazama sana.

"Cheni," akasema. "Ya kwanza."

"Tunaichemsha au tunaichoma?"

Walicheka bonde zima. Walicheka mpaka watoto wakadondoka migongoni.

Na Kindi? Kindi aliufuata uzi wake kutoka kichakani, akiuzungusha donge, akasimama pale alipoanza kusikia kicheko, akaukata kwa jino. Akarudi kwenye mvule. Watoto watatu, karanga tundu zima. *Kacha! kacha! kacha!* Wakala hadi mvua ikanyesha. Alhamisi alikwenda kwa Bibi Mnana, akajifunza fundo.

Sasa mafunzo, maana ngano bila mafunzo ni umbea.

Mwigeni Nyani. Nasema mwigeni Nyani! Nani kati yenu amewahi kufumua mara thelathini bila kumtukana mwalimu? Yeye alifumua. Alishika sheria tatu. Alimpa pole mwenye jino. Alitoka hajui kitu, kwa siku moja akafika cheni mia. Huyo ndiye mwanafunzi. Kindi msimwige hata kidogo: mwalimu mwongo, anafundisha asichokijua, anasumbua watu wakihesabu, halafu anasingizia jino. Kwamba Nyani alikwenda kuchekwa na Kindi akashiba, hayo ni mambo ya Mungu, tusiyachungulie.

Ngano imepita, nyuma haigeuki. Atakayeikuta njiani aipe maji.

Nami ninalo ombi, la kweli, si la hadithi. Uzi huu nimeletewa umejisokota, peke yangu siuwezi. Wewe uliyekaa karibu, nyoosha mikono yote miwili nikuvishe, ili niukunje donge. Ukichoka useme.