Kitambulisho Kimoja, Watetezi Watatu

Hapo zamani, tena si zamani ya majini na masultani, zamani ya juzi tu, watu wana simu mifukoni, palikuwa na nyumba ya watu wanaoacha unga. Si unga wa ugali, mnanielewa. Nyumba ilikuwa katika mji mmoja wa mkonge, Tanga bara. Sogeeni, na anayetaka kusinzia akasinzie kwao.

Nyumba ile aliishika Bi Tunu, mama mkali wa maneno machache. Humo walikuwamo watatu waliokuwa mateja, wakaacha, wakasomea utetezi: Mhando, Sabiha na Kilua. Mtetezi ni nani? Ni aliyeipita njia ile, sasa anamshika mkono anayeipita. Lakini bila cheti na kitambulisho cha shingoni, hospitali hawakuruhusu kuingia na mgonjwa wako, polisi hawakusikilizi, utafukuzwa kama kuku jikoni. Na safari ile nafasi ilikuwa moja. Bi Tunu akawakabidhi wote mgonjwa mmoja, akasema atakayemtunza vyema ndiye.

Mgonjwa alikuwa Athmani, mtoto aliyebaki wa Bi Mwanjaa. Nasema aliyebaki, kwa sababu kaka yake unga ulishamzika. Athmani alikuwa ameacha miezi kadhaa, na hapo ndipo pa kuogopa, jamani. Mwili uliosahau unga, ukirudishiwa kipimo cha zamani, haustahimili. Mtu analala, pumzi inakatika. Watatu wale walilijua hilo. Bi Mwanjaa alilijua zaidi, maana kaka mtu alikwenda hivyo hivyo.

Tena walikuwa na miiko miwili. Usitoe siri ya mgonjwa. Usikanyage maskani ya mateja, hata kwa nia njema.

Basi asubuhi ya siku ya kutolewa kitambulisho, Athmani akamvuta Kilua kando. Akamwambia hamu imemshika, roho yake yote iko kwenye ghala bovu la mkonge, maskani yake ya zamani, na akamwapisha asimwambie mtu. Kilua akanyamaza. Akamkalisha, akamsemesha, akamwombea. Mwiko ni mwiko. Adhuhuri akaenda kutia udhu. Kurudi, kitanda kitupu.

Mficha maradhi, kifo humuumbua. Kilua akawaendea wenzake akasema yote, na ghala akalitaja. Siri ikavunjika. Lakini isingevunjika, nani angejua pa kukimbilia?

Wakatoka mbio. Kufika ghalani, Sabiha akasimama. Akawaambia wazi kwamba akiingia mle, watakaohitaji kuokolewa watakuwa wawili. Akageuka, akakimbilia hospitali kumtafuta nesi mwenye sindano ya kumzindua aliyezidiwa na unga. Kilua akabaki mlangoni. Mwiko mmoja ameshauvunja, wa pili hakuthubutu.

Mhando akaingia.

Akamkuta Athmani chini, midomo imegeuka rangi, kete moja ya unga keshaitumia, ya pili iko kiganjani. Akaichukua ile kete, akamlaza chali, akaanza kumpulizia pumzi mdomoni. Anapuliza, anasikiliza. Anapuliza, anasikiliza. Anamwomba Mungu Sabiha afike.

Na Sabiha je? Mlinzi wa hospitali kamzuia getini, anataka kitambulisho. Na kwenye foleni ya pale getini amesimama mama wa mchumba wake, asiyejua lolote la maisha yake ya zamani. Sabiha akamtazama mama yule, kisha akasema watu wote wasikie: "Mimi nilikuwa teja. Najua mtu anavyokufa kwa unga, na sasa hivi yuko mmoja anakufa. Nipeni nesi."

Nesi akatoka na sindano yake, wakakimbia. Athmani akachomwa, akavuta pumzi. Posa ya Sabiha ilivunjwa alasiri ile ile.

Mngedhani yamekwisha. Thubutu!

Jioni, Athmani amesharudishwa nyumbani, wakakaa mbele ya Bi Tunu. Mhando akatia mkono mfukoni, akaweka kete mezani.

"Sikuificha kwa kusudi," akasema. "Mkono uliitia mfukoni wenyewe, kama zamani. Nimetembea nayo mji mzima. Nilipoikumbuka nikaitoa, nikaitazama. Nimeitazama sana, mama. Naogopa. Lakini niliyeingia ni mimi."

Sabiha akasema pumzi za Mhando zingemfikisha wapi Athmani bila sindano? Na katika wote watatu, yeye ndiye pekee aliyeshika miiko yote miwili, na kilichompata wamekiona. Mhando akamjibu kwamba wote wangeishika miiko, sindano ingekuta maiti. Hapo sauti zikapanda, Bi Tunu akagonga meza. Kilua hakutaka ugomvi.

"Nilichelewa kusema, sikatai," akasema. "Lakini niliyefunguliwa moyo ni mimi. Hamu ikimrudia, atamwambia nani?"

Wakamwendea Athmani chumbani wamuulize mwenyewe. Alikuwa kitandani, jasho linamtoka. Akasema Mhando anampenda, ila anamwogopa, maana wote wawili wanaitamani kete moja. Sabiha, kwa alivyosikia, alimkimbia pale mlangoni. Na Kilua, atampaje siri tena? Kisha akageukia ukutani, akasema polepole kwamba hamu imesharudi.

Bi Mwanjaa alikuwa amesimama kizingitini. "Mpeni mmoja wao, yeyote," akasema, "lakini mpeni sasa. Sina mwingine wa kuzika."

Bi Tunu kakishika kitambulisho. Atakayevishwa ndiye atakayebaki na Athmani chumba kimoja, na wenzake warudi makwao, ndiyo kanuni. Jua linazama. Msinitazame mimi, mimi ni mdomo tu. Kila mmoja wenu amweke Athmani mahali pa mwanawe wa kumzaa, kisha anijibu bila kigugumizi. Je, nani alistahili, na usiku ule ungefunga mlango ukamwachia nani mwanao?