Kiti Kimoja na Panya wa Jumapili

Hapo zamani, wala si zamani ya majini na masultani, ni zamani ya juzi tu, mashine zimeshaingia na adabu imeshatoka, palikuwa na wasomi watatu wakigombea kiti kimoja.

Kiti chenyewe kilikuwa hospitali ya saratani, nyuma kabisa, kwenye jengo lenye kiyoyozi. Usidhani kiyoyozi cha wagonjwa. Wagonjwa walilala wawili wawili wakijipepea kwa maboksi. Kiyoyozi kilikuwa cha panya. Panya weupe, wanono, waliotandikiwa pamba, kwa sababu wasomi walitaka wakiwaunguza wawe na afya njema.

Maana kazi yao ilikuwa hiyo: kumpiga panya mionzi, kisha kutazama anaoza wapi na anapona wapi. Mtu anasoma mpaka nywele zinamkimbia, mama yake huko nyumbani anatamba mwanangu daktari, kumbe mwana anashinda anapima vidonda vya panya. Lakini tusiwacheke sana, tuwacheke kiasi. Mionzi ya siku zote ilimla mgonjwa kidogo kidogo, wiki baada ya wiki. Uvimbe unanyauka, na ngozi ya shingo nayo inachunika. Ikaja habari ya mionzi mipya: dozi yote kwa mkupuo, kufumba na kufumbua. Ikasemwa uvimbe unakufa, ngozi inasalimika. Kusema ni rahisi. Wale watatu walitakiwa waonyeshe.

Wote walikuwa na mikataba ya muda, ile inayomfanya mtu mzima aishi kama mgeni aliyezidisha siku. Mkuu wao, Profesa Makwaya, akawaambia, "Mmoja wenu ataajiriwa moja kwa moja. Wawili, mkataba ukiisha, kila la heri." Kila la heri ya profesa maana yake nenda kafundishe baiolojia sekondari, na mionzi uisahau. Na wale hawakujua kingine chochote duniani. Chai yenyewe walikuwa wanaiunguza.

Wa kwanza ni Dokta Mwanahawa. Mashine ya mionzi siku za kazi ilikuwa ya wagonjwa. Watafiti waliachiwa Jumapili. Na sheria ya jengo ilisema panya alazwe usingizi kwa dawa iliyochanganywa na oksijeni ya mtungi. Jumapili moja mtungi ukaisha. Mwenye akili za kawaida angefunga mlango akaenda kupika. Mwanahawa akasema, "Nikiiacha Jumapili hii, nyingine nitaipata kwa nani?" Akachomeka pampu ya hewa, hewa hii hii tunayovuta mimi na wewe na mbuzi. Akawapiga panya wake wenye uvimbe ile mionzi mipya. Uvimbe ukafa! Ngozi ikasalimika! Mwanahawa akapiga vigelegele peke yake humo ndani, panya wakamshangaa.

Akaandika makala. Jina lake akaliweka la kwanza, maana kwa watu hao wa jina la kwanza ni bwana harusi, waliobaki ni wabeba viti. Habari ya pampu hakuiandika. Aliandika oksijeni, kama sheria inavyotaka.

Wa pili ni Dokta Elifuraha. Kazi yake ilikuwa kurudia alichofanya mwenzake, aone kama ni kweli. Akafuata makala neno kwa neno: mtungi, oksijeni, mionzi. Panya wakaungua, ngozi ikabambuka. Akarudia. Wakaungua tena.

Muungwana angemfuata mwenzake pembeni akamwambia, dada, kuna jambo. Elifuraha akasubiri siku ya wageni. Wafadhili wamekaa mbele wanakula sambusa, Profesa anatangaza kwamba wagonjwa wa kwanza wataanza kupigwa mionzi hiyo mwezi ujao, Elifuraha huyo, amesimama.

"Samahani Profesa. Panya wangu mimi wameungua wote."

Sambusa zikagoma midomoni. Mwanahawa akageuka. "Kaka Elifuraha, wewe mkono wako mzito. Hata maji ungeyaunguza."

"Mkono mzito, sawa dada. Lakini ulimi wangu haujadanganya."

Mambo ya kuanza na wagonjwa yakasimama hapo hapo. Wafadhili wakaondoka na sambusa kwenye leso.

Wa tatu ni Dokta Nzowa. Huyo mpole, sauti kama ya mtu anayefariji wafiwa. Akawakuta wenzake koridoni wanarushiana maneno, akauliza taratibu, "Dada Mwanahawa, Jumapili ile panya wako walivuta nini?"

Mwanahawa akatazama ukuta. Kisha akasema, "Hewa. Mtungi uliisha."

Nzowa akagawa panya mafungu mawili. Hawa hewa, hawa oksijeni. Wa hewa wakasalimika, wa oksijeni wakaungua. Kumbe oksijeni nyingi ndiyo inayoipa mionzi meno! Mgonjwa anayevuta hewa yake mwenyewe huenda akafaidika. Mwenye bomba la mtungi puani angechunwa akiwa hai. Hapo ndipo jambo likaeleweka, na dunia nzima ya wapima panya ikataka kulisikia.

Elifuraha akamkazia macho Nzowa. "Ulijuaje cha kuuliza?"

"Jumapili ile nilipita mlangoni. Nikaisikia pampu inanguruma."

"Kwa hiyo miezi yote hii ulijua?"

"Nilihisi."

"Ukatuacha tuumbuane mbele ya watu!"

"Hamkuniuliza."

Msikie! Hamkuniuliza! Moto unaunguza jiko la jirani, yeye anangoja aulizwe.

Wakaenda kwa Profesa, wote watatu, kila mmoja na mdomo wake.

Mwanahawa akasema, "Kiti ni changu. Bila mimi kuchomeka pampu, hakuna aliyekuwa na kitu cha kurudia wala cha kuuliza. Nimeona kwanza."

Elifuraha akasema, "Kiti ni changu. Bila mimi kusimama, wagonjwa wangeungua mwezi uliofuata. Nimesema kweli kila mtu alipokuwa anapiga makofi."

Nzowa akasema, "Kiti ni changu. Huyu dada aliona asielewe, huyu kaka alikanusha asielewe. Mimi nimeelewa."

Profesa, ambaye alitia saini makala ile bila kukanyaga chumba cha panya, akavua miwani, akaifuta, akaivaa, akaivua tena. Mtu mwenye shahada za kufunika ukuta, ameshindwa na jambo la kugawa kiti. Akasema, "Rudini kesho." Kesho akasema rudini kesho. Mpaka mikataba ikabakiza siku ya mwisho, na wale watatu wakakaa kwenye benchi nje ya mlango wake, hawatazamani, hawasalimiani.

Haya, kesho ya Profesa imeisha, na mimi sina miwani ya kufuta. Usinijibu kwamba wakikalie wote. Makalio ya watu watatu hayaenei kiti kimoja. Usinijibu kwamba wafukuzwe wote, maana kuna watu wodini wanachunika shingo, nao hawajali nani ana adabu. Na usimchague Nzowa kwa sababu ni mpole, wala usimnyime Elifuraha kwa sababu ana roho mbaya. Uvimbe hauulizi tabia.

Mmoja aliona akaficha. Mmoja alisema kweli kwa kisirani. Mmoja alielewa, lakini alikaa kimya mpaka kimya kikamfaa. Mlango wa Profesa unafunguliwa, anaita jina moja.

Je, ni la nani?