Kikaratasi cha Ghorofa ya Saba

Hapo zamani, tena zamani ya juzi tu, palikuwa na mnara wa kuongozea ndege katika mji wa mawingu. Mnara ule haukuwa na mtambo wa kuonea ndege. Waongozaji waliziona kwa karatasi: kila ndege na kikaratasi chake, kila kikaratasi na ghorofa yake angani. Ya tano ndege moja, ya sita moja, ya saba moja, zikizunguka taratibu kungoja zamu ya kutua. Ndege mbili hazikai ghorofa moja. Zawena, mmoja wa waongozaji, aliipenda sheria hiyo kama watu wanavyopenda usingizi wa alfajiri.

Kulikuwa na desturi. Anayetoka zamu humsomea anayeingia vikaratasi vyote kwa sauti, naye anayeingia huvihesabu kwa kidole. Asubuhi moja da Mwajabu, aliyekuwa akitoka zamu, alisoma vinne. Zawena hakuhesabu. Alikuwa akitazama ukungu ulivyofunika uwanja, ukafunika mapaa ya mji, mpaka mnara ukabaki unaelea peke yake. Ghorofa ya saba akaiona tupu.

Mara ikaita ndege ndogo kutoka ya nane. Rubani wake, Kapteni Nyamizi, alibeba mama mwenye uchungu wa kuzaa.

"Mnara, abiria wangu hana subira. Nishushe."

"Shuka hadi ya saba," Zawena akajibu.

Nyamizi akasikiliza hewa kwanza.

"Mnara, mwanzo nilisikia sauti tano hewani, pamoja na yangu. Sasa nasikia nne. Wa tano yuko wapi? Nangoja kwanza."

Wakati huo da Mwajabu anashuka ngazi, amefika ya sitini, anatafuta leso mfukoni. Akakuta kikaratasi. Cha ndege ya ghorofa ya saba, iliyoharibikiwa redio! Alikuwa amekitoa mezani aandike habari hiyo, akakitia mfukoni ili afunge kilemba, akakisahau. Magoti yake mabovu, lakini alizipanda ngazi zote sitini.

"Ya saba ina mtu, mdogo wangu. Hasikii wala hasemi."

Zawena akarudi redioni. "Kapteni, baki ya nane. Nenda mashariki dakika tatu, kisha shuka nje ya duara. Njia ni yako."

Mtoto alizaliwa magurudumu yakigusa ardhi, wa kike. Ukungu ulipoondoka, yule bubu wa ghorofa ya saba naye akatua, hana habari.

Mama akatuma ujumbe: "Siku ya saba nampa jina la aliyetuokoa. Jina moja tu. Mwanangu si orodha."

Nyamizi akasema, "Masikio yangu ndiyo yaliyosikia kimya. Ningetii, tusingekuwa na mtoto wa kumpa jina."

Mwajabu akasema, "Nilikosa, nakiri. Lakini bila miguu yangu ungengoja, ungengoja, kisha ungeshuka."

Zawena alilitaka jina lile mpaka machozi yakamlenga. Hakuwa na mtoto, na jina lake, alilorithi kwa bibi yake, lingeishia kwake. "Njia niliitoa mimi," akasema polepole. "Ila kidole changu hakikuhesabu."

Siku ya saba kila mmoja aliandika jina lake kwenye kikaratasi, akakiweka kitandani kwa mama. Mama akavihesabu kwa kidole: kimoja, viwili, vitatu. Mtoto akapiga miayo, hajaitwa bado.

Nanyi mliosikiliza, mkono wa mama uko hewani. Je, ashike kipi? Mtoto aitwe nani?