Kapu la Viwavi

Viwavi walikuwa wamekula nusu ya mchicha wa Bi Mwanakombo, ingawa aliupiga dawa ya duka la Bwana Kigoda mpaka mgongo ukamuuma. Akaenda dukani na kapu lililofunikwa.

“Dawa yangu haina kosa!” Kigoda alifoka mbele ya wateja. “Kiwavi akiionja, hainuki tena.”

“Basi nisamehe, bwana mkubwa. Hawa wameioga kabisa. Niwamwage kwenye kabichi zako hapo nje, wawe mbolea?”

“Mwaga!”

Akamwaga. Viwavi wakajinyoosha, wakazivamia kabichi.

“Wape dawa, bwana!” wateja wakapiga kelele huku wakicheka.

Kigoda akayapita mbio makopo yote ya rafuni, akachomoa jingine lililofichwa chini ya kaunta.

Bi Mwanakombo akamdaka mkono. “Enhe! Na mimi nipe hilohilo.”