Samaki Aliyefungwa

Palikuwa na mama mmoja mjane, mtu wa kanisa kweli kweli, aliyefuga samaki mmoja sebuleni. Si samaki wa kukaanga, ninyi mnaoanza kumeza mate. Ni wale wa mapambo, wa rangi ya dhahabu, wanaowekwa kwenye tangi la kioo ili wageni wapate cha kutazama mazungumzo yakiisha. Watoto wa mama huyu walikuwa wameoa na kuolewa mbali, na nyumba nzima waliobaki wakipumua ni yeye na samaki. Akiamka, kabla hajanawa uso, anamjulia hali. Msicheke. Humu ndani wamo wanaobishana na televisheni.

Sasa mama huyu upendo wake ulikuwa wa kulisha. Akila mkate, samaki anapata. Akila ugali, samaki anapata. Mgeni akipiga hodi, hata hajakaa anapewa kipande cha chapati amtupie samaki, aone anavyopanda kukidaka. Samaki akanenepa akawa kama limau. Asubuhi moja mama akamkuta anaelea juu ya maji, tumbo limeangalia dari, jicho li hai. Anapiga mapezi kutaka kushuka, anashuka kidogo, anarudishwa juu kama kizibo. Mama alishtuka hata khanga ikamwanguka begani.

Akampigia simu yule bwana aliyemuuzia samaki. Bwana alikuwa sokoni, kelele kushoto, kelele kulia.

"Baba, samaki wangu anaelea kichwa chini miguu juu."

"Hana miguu, mama."

"Umenielewa. Hashuki."

"Kavimbiwa huyo. Dawa yake ni kufunga tu, siku mbili tatu. Atashuka. Nitapita kumwona." Simu ikakatika.

Kufunga. Mama akalishika lile neno akaligeuzageuza. Hashuki, basi akifungwa atashuka. Akaona lina akili. Akachukua uzi mweusi wa kushonea na kokoto moja kutoka uani. Akamtoa samaki majini, anateleza kiganjani kama sabuni, akamzungushia uzi nyuma ya mapezi, akaning'iniza kokoto, akakaza, akaongeza fundo la pili, akamrudisha. Samaki akazama mpaka chini, akasimama wima kama mzee wa kanisa siku ya sadaka. Mama akamshukuru Mungu kwa sauti.

Na kwa kuwa mgonjwa haachwi bila kula, akamwongezea chakula.

Wiki hiyo kanisa lake lote lilikuwa kwenye mfungo, na kiongozi wa maombi ni yeye. Tumbo lake mwenyewe linanguruma, na yeye amesimama mbele ya tangi anafikicha mkate. Ishikeni picha hiyo, nitairudia.

Jirani alipokuja kumpitia waende kwenye maombi, akachungulia tangi.

"Shoga, huyu mbona anahema hivi?"

"Anapona. Nimemfunga kwa agizo la fundi wake."

"Na mkate wote huo chini?"

"Hana hamu. Hata wewe ukiumwa huna hamu. Twende bwana, tunachelewa kuwaombea watu."

Siku mbili tatu zikaisha, muuza samaki akapita kama alivyoahidi. Mama akamkaribisha kiti, akamwekea chai. Kikombe kimoja.

"Wewe hunywi, mama?"

"Nimefunga. Kanisa zima tumefunga wiki hii."

"Mungu awapokee. Na mgonjwa wetu naye amefunga vizuri?"

"Nimemfunga vizuri sana. Hachomoki."

Yule bwana akacheka, akidhani mama ana utani wake. Akainuka na kikombe mkononi, akasogea kwenye tangi. Kicheko kikakatika. Kikombe akakiweka pale pale juu ya redio, bila kutazama anaweka wapi.

Uzi ulikuwa umeingia kwenye nyama. Magamba yamebanduka, maji yamechafuka kwa mkate uliooza, na samaki yuko chini hapo, mdomo unafunguka na kufumbika, unafunguka na kufumbika.

"Mama. Umemfanyaje?"

"Ulisema nimfunge."

"Nilisema afunge. Asile. Samaki ana kifuko cha hewa tumboni, ndicho kinachompandisha na kumshusha. Umemlisha hadi utumbo umekibana. Akikaa bila kula, unaachia."

"Samaki hafungi," mama akasema, na sauti yake ilikuwa inatafuta pa kushika. "Samaki ana dhambi gani ya kufungia?"

"Hana dhambi, mama. Ana tumbo." Akamgeukia. "Wewe si umeniambia sasa hivi kwamba umefunga? Mbona sioni kamba shingoni mwako?"

Mama akageuka mbio. Akaingia chumbani kutafuta mkasi, akamwaga kikapu kizima cha nyuzi. Wakamtoa samaki, wakakata uzi, wakamrudisha majini. Akapanda juu polepole, akageuza tumbo kama siku ile ya kwanza. Ila safari hii hakupiga pezi hata moja.

Basi. Samaki ndiyo hivyo amekufa, na mnaoguna nyamazeni, sijamaliza.

Mnasema mama yule mjinga. Alikosa nini, Kiswahili? Neno alilijua kuliko wote, alikuwa nalo tumboni linamuuma. Lilipokuwa lake, lilikuwa sala na njaa na nguo nyeupe. Lilipomfikia mgonjwa, likageuka uzi. Angejiuliza mara moja tu, "mimi nafungaje?", samaki angekuwa anaogelea.

Sasa tuje kwetu. Jumapili iliyopita, hapa hapa, tulisomewa matangazo. La kwanza, kanisa tunafunga wiki nzima. La pili, binti fulani wa sauti ya kwanza amefungiwa kuimba kwaya. Pumzi moja, msomaji hata miwani hakuifuta. Tukasema amina mara mbili, na hakuna aliyeshangaa masikio yake.

Kosa lake mnalijua, lina tumbo. Na aliyempa tumbo hilo, tangazo lake lilisomwa lini? Tumemkazia fundo, tukaongeza la pili kwa usalama, tukaona ametulia kiti cha nyuma, tukasema anapona. Halafu tukaendelea kumlisha. Wa kisimani anampa neno lake, wa sokoni anampa lake, na wewe uliyekwenda kumtembelea ulimpa mawili. Maneno yote hayo yameoza pale alipo, ndani ya maji anayovuta. Kuna aliyemwona leo? Tazameni kiti. Kitupu. Na sisi hapa midomo imekauka kwa utakatifu.

Kesho jioni tunafungua. Uji umeshapangwa nani apike, sukari imeshanunuliwa, hayo hatukusahau. Lakini tunafungua nini? Vinywa vyetu tu?

Nyumbani kwao ni pale nyuma ya mashine ya kusaga, mlango wa bluu. Uzi kama umeshaingia kwenye nyama mimi sijui. Atakayekwenda kesho kabla ya kushika kikombe ataona mwenyewe. Asiende na biskuti.

Aende na mkasi.