Mkanda wa Mwanakheri

Hapo zamani, enzi ambazo wimbo ulinaswa kwenye mkanda na kila kosa likabaki humo humo, paliishi Tanga mpiga saksafoni aitwaye Hatibu Semkiwa. Usiku alipiga dansi mahotelini, mchana alilala. Mkewe, Mwanakheri, mchana alifanya kazi zake kwa nyayo nyepesi asimwamshe. Waliishi hivyo tangu ujanani. Hatibu angeulizwa kama anamjua mkewe, angelishangaa swali lenyewe.

Mwanakheri akafariki.

Ilipopita khitma ya arobaini, Hatibu akaamua kufanya jambo alilomwahidi marehemu mwaka baada ya mwaka na kuliahirisha mwaka baada ya mwaka. Alitaka kurekodi nyimbo za jazi za mwendo wa pole, zile kongwe ambazo kila mpiga saksafoni lazima azipitie, huku vinanda vya nyuzi vikiitandikia saksafoni kama shuka inavyotandikwa kitandani.

Okestra ya namna hiyo Tanga haikuwapo. Ilikuwapo klabu ya taarabu. Hatibu akamwendea kiongozi wa wapiga fidla, Shaali Baghozi, mtu aliyekuwa akimwamkia tu misikitini na misibani. Alikwenda amejiandaa kubembeleza. Hakupata nafasi.

"Nitakuja na fidla nne na sello," alisema Shaali. "Nilikuwa nakungoja."

"Unaningoja mimi? Tangu lini?"

"Siku nyingi, Bwana Hatibu."

Hatibu akarudi nyumbani akiligeuza jibu lile kichwani. Mtu hangojwi bila sababu.

Siku ya kurekodi ikafika. Studio ilikuwa nyuma ya ghala la katani, kuta zake zimefunikwa magunia ili sauti isirudi. Fundi mitambo alikuwa Eliasifa, mwanamke wa Kipare mwenye maneno machache na masikio makali. Hatibu akamwambia, "Dada, washa nikinyanyua mkono. Kabla ya hapo usiupoteze mkanda, ni huo huo mmoja."

"Nimekusikia, mzee."

Wapiga fidla wakakaa. Shaali, akikaza nyuzi zake, akauliza bila kuinua macho, "Ule ukuta wako wa uani, mvua hizi haujaanguka?"

Hatibu akauacha mdomo wa saksafoni. "Ukuta wangu wa uani umeuona wapi?"

"Sijauona. Naujua upande wa pili."

Jamani, mnaoijua Ngamiani, mtaa alikoishi Hatibu, mnajua nyumba zake zilivyo. Hii inatazama barabara hii, ile inatazama barabara ile, na nyuma zinapeana migongo. Mtu anaweza kuzeeka bila kujiuliza nani anaishi nyuma ya ukuta wake. Hatibu hakuwahi kujiuliza. Siku ile alijiuliza, akamtazama Shaali kuanzia kofia hadi makubadhi.

"Tuanze," akasema. "Nyie watu wa taarabu mnaweza kukaza nyuzi mpaka Idi."

"Na nyie wa dansi," akajibu mpiga sello, ile fidla kubwa ya sauti nzito, "mnaondoka kabla hamjajua mnakwenda wapi!"

Wakacheka. Hatibu hakucheka.

Sasa sikilizeni kosa lilipotokea. Watu wa taarabu hawaingii kwenye wimbo hivi hivi. Kwanza hupiga bashrafu, muziki mtupu usio na maneno, kuyasafisha masikio. Hatibu hakulijua hilo. Shaali alipoinua upinde na wenzake wakamfuata, Hatibu alidhani ndio mlango wa wimbo waliokubaliana. Ulikuwa muziki wa polepole, unapanda kidogo na kushuka, kama mtu anayechekecha unga. Akaingia. Hakunyanyua mkono, kwa sababu mikono yote miwili ilikuwa kazini.

Akapiga, enyi wenzangu. Akapiga kama hajawahi kupiga hotelini. Vidole vilikwenda mbele yake, yeye akavifuata. Mara, katikati, fidla zote zikanyamaza. Hatibu hakusimama. Akaendelea peke yake, akaushusha ule muziki hatua kwa hatua, akaulaza chini, akaumaliza.

Mpiga sello akajifuta uso kwa mkono wa kanzu.

"Mbona mmeniacha?" akauliza Hatibu.

"Hapo ndipo alipokuwa anaachia," akasema Shaali.

"Nani?"

Shaali akautazama upinde wake.

"Nakuuliza, nani?"

"Mwanakheri."

"Kwako wewe ni Bi Mwanakheri," akasema Hatibu, taratibu sana. Akawaomba wengine watoke nje. Wakabaki Hatibu, Shaali, na Eliasifa nyuma ya kioo chake.

"Sema yote," akasema Hatibu. "Na ukitaka kunidanganya, danganya vizuri."

Shaali akasema. Jioni baada ya jioni, Hatibu akishaondoka na saksafoni yake, Mwanakheri alikaa uani akichekecha unga wa vitumbua vya asubuhi, akiimba bila maneno. Shaali alikuwa upande wa pili wa ukuta. Siku moja akamfuata kwa fidla, polepole. Mwanakheri akanyamaza. Kesho yake akaanza palepale aliponyamazia. Shaali akikosea, Mwanakheri aligonga ukuta kwa mwiko. Alipougua alifika katikati tu, pumzi ikamwishia.

"Mlikuwa mnazungumza?"

"Mara moja tu, karibu na mwisho. Alisema, 'Bwana wee, siku ukikaa na mume wangu, mpigie wimbo huu. Ataujua.'"

"Sikuujua."

"Uliumaliza, Bwana Hatibu. Ule mwisho uliopiga ndio mwisho wake, hata pale anapokawia kidogo kabla ya kushuka. Mimi sikukufundisha. Niliwanyamazisha wenzangu makusudi nione."

Hatibu akakaa kwenye kiti. Pengine ni kweli. Pengine aliusikia mchana baada ya mchana, yeye amelala na mkewe anapita na ndoo akiuimba chini chini, ukamwingia kama maji yanavyoingia mtungini. Au pengine mtu huyu, aliyeijua njia ya kuingia nyumbani bila kupita mlangoni, alikuwa sasa anampoza. Akamtazama usoni. Uso haukumwambia kitu.

"Heri haukunaswa," akasema hatimaye.

"Umenaswa, mzee," sauti ya Eliasifa ikatoka kwenye kipaza sauti. "Wote."

"Sikunyanyua mkono!"

"Hukunyanyua. Nilikuona macho, nikawasha."

Hapo ndipo ubishi ulipoanza.

Hatibu akasema, "Ufute. Alikuwa mke wangu na pumzi iliyonaswa ni yangu. Aliimba uani kwangu, si jukwaani. Kama Mungu alitaka nisiusikie akiwa hai, sitaki mji mzima uusikie yeye akiwa kaburini."

Shaali akasema, "Ukifutwa, amekufa mara mbili. Wewe ulilala, mimi nilikesha nao. Wewe una nguo zake, una picha zake, una jina la mume. Mimi sina hata ruhusa ya kumlilia. Nipeni mimi, niuweke ndani, sitampigia mtu."

"Ndani ya nyumba yako! Nyuma ya ukuta wangu!"

"Nyuma ya ukuta wetu, Bwana Hatibu. Ukuta una pande mbili."

Eliasifa akatoka nyuma ya kioo, mkanda mkononi, bado una joto la mashine. "Wazee wangu, mmoja anataka kuuzika, mwingine anataka kuuficha. Nisingewasha mngekuwa mnagombania upepo. Mimi simjui marehemu. Najua tu kwamba mtu anayetaka siri haimbi uani penye jirani nyuma ya ukuta, na anayesikia kosa akagonga ukuta anataka wimbo utoke sawasawa. Mimi nasema upigwe redioni kwa jina lake, kila mtu ausikie."

"Jina lake!" akasema Hatibu. "Na watu wakiuliza umenaswa vipi, umetoka kwa nani, nani alimfundisha Shaali?"

Eliasifa akamgeukia Shaali. Shaali akaanza kuulegeza upinde wake.

Eliasifa akauweka mkanda juu ya kiti, katikati yao. Hatibu akanyoosha mkono. Akaushika, akalihisi lile joto, akakumbuka kwamba mkono wa mwisho alioushika ukiwa na joto na kisha ukapoa ulikuwa wa mkewe. Akaurudisha palepale.

"Alisema ataujua," akarudia, kama anayemuuliza mtu aliyeko chumba cha pili. "Hakusema nikishaujua nifanye nini."

Nje wapiga fidla wanagonga mlango. Mashine imewashwa, na mkanda uko juu ya kiti. Mume aliyeumaliza wimbo bila kujua kwamba anaujua anasema ufutwe. Jirani aliyeutunza wimbo usiokuwa wake anasema apewe. Fundi aliyevunja agizo ukapona anasema utolewe.

Nanyi mliokaa hapa, msinitazame mimi, kwani na mimi naujua upande mmoja tu wa ukuta. Je, kati ya hawa watatu, nani alistahili kuuamulia mkanda wa Mwanakheri?