Ganda la Risasi Jikoni kwa Mama

Wapendwa, kulikuwa na ndugu mmoja aliyerudi kwao, kule tambarare chini ya milima ya Taita, kuuza shamba la marehemu mama yake. Mnunuzi alikuwa anakuja kesho yake. Dada yake mkubwa alimsihi asiuze, lakini wapi! Mtu akishakata shauri, masikio hubaki pambo.

Vita Kuu ya Kwanza ilipiganwa kule. Basi ndugu yetu akazunguka shambani na mashine ya kutafutia vyuma ardhini, akifukua maganda ya risasi. Na kuyatambua alikuwa fundi kweli! Anapangusa udongo, anageuza kitako.

"Hili ukingo wake umetokeza, la Waingereza. Hili lina mfereji tu, la Wajerumani. Ona, mwaka 1915!"

Palipokuwa jiko la mama akafukua moja lililofungwa waya shingoni, mdomo umelika.

"La Waingereza. Lakini limechakaa, halifai." Akalitupa.

Dada akaliokota, akalifuta kwa kanga, akalipuliza.

Mlio mwembamba ukavuka shamba. Na yule bwana, na mvi zake, akaruka akasimama. "Naja, mama!"

Mnazikumbuka jioni zile? Moshi wa jikoni, vumbi mpaka kwenye kope, mchezo umenoga, na mama anaita. Mama yao alikuwa na sauti ndogo, akiwaita kwa kulipuliza ganda lile mpaka watoto wote sita wafike. Mimi nazitamani jioni zile, sitawaficha.

Ndugu yetu akaketi kwenye udongo akalia. "Dada, mbona sikulitambua?"

"Utalitambuaje, mdogo wangu? Hata mazishini hukufika."

Akampigia mnunuzi simu asije.

Naona mnafurahi, shamba limepona. Ndiyo, limepona. Lakini mama je? Mtoto ameitika "Naja" miaka tisa baada ya mama kuzikwa!

Na sisi? Sisi hodari wa kutambua. Gari tunalijua kwa muungurumo, mhubiri wa uongo tunamjua kwa suti yake. Msiniangalie hivyo! Jana mama yako alikupigia simu mara mbili. Uliliona jina lake, ukaigeuza simu kifudifudi mezani.

Ibada ikiisha, usije kunipa mkono mlangoni. Mimi nitangoja. Toka nje, umpigie mama yako.